Panya wa Bi Thuwaiba

Pilau ya hitma ya binamu yangu Zakia ilipikwa bila chumvi. Haikuwa kwa makusudi. Masufuria yalikuwa mengi, wasaidizi wengi, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshatia. Tulikuwa ukumbini, katika nyumba ile ile ya Tibirinzi niliyokaa ujanani, tumezunguka masinia baada ya kusoma, nikaona mikono inapunguza mwendo. Chakula cha msiba hakitiwi ila. Mmoja akaomba ndimu, mwingine akaomba pilipili, kisha kibakuli cha chumvi kikaanza kutembea kutoka sinia hadi sinia, kimyakimya, kama jambo la aibu. Mimi nilikuwa nakula. Nilikula kwa raha hata mzee aliyekaa ubavuni pangu akaniinamia na kuniuliza, "Nassor, ulimi wako umekufa?" Nikamwambia ulimi mzima, ila ulifundishwa kula chapwa humu humu, na aliyeufundisha ni mama yake huyu tuliyemsomea leo. Mzee akacheka kwa pua, akadhani nafanya mzaha. Nami nikainua macho kuutazama mlango wa ghala la karafuu, pale mwisho wa ukumbi. Siku hizi mna baiskeli za wajukuu na mapipa ya plastiki. Mwaka ule mlikuwa na panya.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu bara na shahada ya elimu ya wanyama, nangoja kupewa kazi ya ualimu, na katika kungoja huko nilimchosha kila mtu. Niliuliza kwa nini mgonjwa hakatazwi kula kitu fulani mpaka akatazwe na mganga. Niliuliza vyama viwili vilivyokuwa vinagombania kisiwa vinatofautiana nini hasa, wakati jioni wafuasi wao wanakaa baraza moja. Shangazi yangu Bi Thuwaiba, niliyekuwa nakaa kwake, alisema wamempeleka mtoto kusoma, amerudi hakimu. Lakini alisema hivyo huku amelala juu ya kochi la ukumbini, amejifunga kitambaa cha siki kichwani, kwa sababu mwaka ule ndio aliokuwa anaumwa. Kichwa kilimgonga tokea anapoamka. Miguu ilimlegea kiasi cha kushika ukuta anapokwenda msalani, na msalani alikwenda mara nyingi, akirudi na kiu isiyokatika. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezoea kusimamia uchumaji wa karafuu kwa kelele tu, na sasa nilimsikia akimwomba Bi Mize amfungulie kizibo cha chupa.

Bi Mize alikuwa mpishi wake na mwenzake wa miaka mingi, mtu wa Wambaa, mwenye mdomo. Ndugu zake walimletea ng'onda, samaki waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, na papa mkavu kwa mafurushi, na katika nyumba ile hapakuwa na siku isiyo na papa. Mhogo kwa papa, wali kwa mchuzi wa papa, na asubuhi mkate wa mofa na vipande vya ng'onda vilivyochomwa mpaka chumvi ikatoka nje, nyeupe. Naweza hata leo kuusikia mtokoto wa mchuzi ule na sauti ya Bi Mize akimsimulia shangazi, kwa sauti ya juu ili na mimi nisikie, kuwa kuna watu wamesoma mpaka wamesahau kuosha vikombe vyao.

Aliyemtibu shangazi alikuwa daktari mmoja kijana, Mgoa mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa hospitali ya Chake Chake. Alikuwa na mwili mwembamba na haraka ya kusema, na alisoma majarida ya kitabibu kama wengine wanavyosoma barua za nyumbani. Katika majarida hayo alisoma kuwa kuna watu ambao damu yao hupanda kwa sababu ya tezi ndogo iliyokaa juu ya figo. Tezi hiyo hutoa homoni kupita kiasi, na homoni huuamuru mwili ushike chumvi usiiachie. Dalili walizozieleza zilikuwa za shangazi, moja baada ya moja. Hapakuwa na chombo kisiwani cha kuipima homoni yenyewe. Kulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji bara aliyekubali kumpokea na kuikata tezi, lakini daktari wetu hakumficha mtu kuwa wanaofanyiwa upasuaji huo si wote wanaoamka. Njia ya pili ilikuwa kumkataza chumvi kabisa. Kama homoni hudhuru kwa kupitia chumvi, basi huenda kuiondoa chumvi kungetosha. Kama homoni hudhuru yenyewe, kumkatazia chumvi ni kumpotezea wakati ambao hana.

Ndipo wakaja panya. Waliletwa kutoka bara kwa meli, weupe, macho mekundu, na hospitali ikasema haina chumba cha kufugia panya. Shangazi akatoa ghala lake, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na magunia yameshauzwa. Wazee wa barazani wakampa daktari jina siku ile ile, Daktari wa Panya, na mmoja akauliza kama wanyama hao wamejiandikisha kupiga kura. Mimi nikaajiriwa kuwashika, maana ndiyo kazi pekee niliyoijua kuliko daktari. Kila panya aliondolewa figo moja, ili mwili wake usiwe na nguvu ya kuitoa chumvi upesi, kisha akapachikwa kidonge cha homoni chini ya ngozi. Hapo tukawagawa. Waliokaa upande wa dirisha walipewa maji yenye chumvi tu ya kunywa. Waliokaa upande wa ukuta walipewa maji ya bomba. Kupima presha ya panya ni kazi ya subira. Unamtia katika kopo, unampasha moto kidogo kwa taa ili damu ishuke mkiani, unamvisha kipete cha mpira kwenye mkia, unapuliza, na unangoja mapigo yarudi huku ukitazama zebaki. Katika chumba kile kila kitu kilinuka karafuu, mikono yetu, panya, hata zebaki ilionekana kunuka karafuu.

Nilimuuliza daktari swali ambalo sijaacha kuliuliza. Panya si Bi Thuwaiba. Panya hakuzaa, hakufiwa na mume, hakula papa miaka hamsini. Itakuwaje tuamue kisu kiingie au kisiingie katika mwili wa mtu kwa kutazama mkia wa panya? Hakukasirika. Aliweka taa chini, akaniuliza nina nini kingine cha kutazama. Nikamshika panya aliyefuata.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama majarida yalivyosema. Panya wa dirishani walikunywa bila kukoma, manyoya yakawasimama, na zebaki ikapanda kila tulipowapima. Wa ukutani walipanda kidogo tu. Ramadhani ikaingia, na shangazi akafunga ingawa alikatazwa. Halafu, tukiwa katikati ya mwezi, panya wa dirishani wakaanza kushuka. Tuliwapima tena. Tulibadilisha mpira. Wakazidi kushuka mpaka ikawa huwezi kuwatofautisha na wa ukutani. Daktari alikaa juu ya gunia tupu akafikiri, na nilipomtazama usoni nikajua ameshaamua. Alisema chumvi iliwastua mwanzoni tu, sasa miili imezoea. Makundi yote mawili yamebaki na presha ile ile ya juu kidogo, na kitu walichonacho wote ni homoni. Kwa hiyo ubaya umo katika tezi, chumvi haina neno, na Bi Thuwaiba aende akapasuliwe. Meli ya serikali ingeondoka Mkoani baada ya Idi. Akamwandikia yule bingwa siku hiyo hiyo.

Nyumba ilibadilika. Shangazi alianza kugawa nguo zake kwa namna ya mtu anayesafisha kabati, akamwita binti yake Zakia, aliyekuwa msichana bado, akamwonyesha zilipo hati za shamba na sanda iliyoletwa kutoka Maka. Hakulia. Bi Mize ndiye aliyelia, jikoni, akisingizia vitunguu. Wanawake wa mtaa walikuja baada ya tarawehe kumtaka radhi, na kupitia mlango niliwasikia wakizungumza juu ya watu waliopelekwa bara wakarudi wamefunikwa. Mimi nilizunguka nyumba nikitafuta mtu wa kubishana naye. Lilikuwa linanisumbua jambo moja dogo. Mwili unazoeaje? Majarida ya daktari, niliyokuwa nayasoma kwa wivu, hayakusema popote kuwa panya huzoea.

Siku mbili baada ya Idi niliingia ghalani adhuhuri kuosha chupa za maji. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, madirisha yamefungwa, na hewa imesimama. Nilichukua chupa ya panya wa kwanza wa dirishani, nikaimimina katika ndoo, na uso wangu ulipokuwa juu ya ndoo nikasikia harufu. Si karafuu. Nilisimama pale na chupa mkononi. Nikainusa tena. Ilikuwa harufu ya ubani.

Hakuna maabara duniani inayofukiza maji ubani. Lakini kila mtu wa kwetu anajua maji yanayonuka hivyo yanatoka wapi. Mtungi wa kunywea huoshwa, hupinduliwa juu ya chetezo mpaka ujae moshi, kisha hutiwa maji ya mvua, na maji hayo hupewa mgeni unayemheshimu. Nilitia kidole nikaonja. Matamu. Nikaonja chupa ya pili, na ya tatu, safu yote ya dirishani. Hapakuwa na chumvi hata chembe. Panya wetu walikuwa wanakunywa maji ya wageni.

Nilimkuta shangazi uani, amekaa juu ya mkeka chini ya upenu, anachagua mchele kwa mikono inayotetemeka. Nilimuuliza nani anayeingia ghalani. Hakunificha wala hakuacha kuchagua. Alisema ni yeye, mchana na usiku, kila tunapoondoka, na huyarudisha maji yetu kabla hatujaja kupima. Leo miguu ilimlemea, akachelewa. Alieleza kuwa siku moja mwanzoni mwa mwezi, yeye mwenyewe amefunga na kiu imemkausha koo, alipita mlangoni akawasikia wanavyonyonya chupa, wananyonya na hawakinai. Baada ya kufuturu akaenda akaonja.

"Mnawanywesha bahari," alisema. "Katika nyumba yangu. Kesho akhera wanyama wano hawatamdai daktari wenu, watanidai mie."

Nilimweleza. Nilipiga magoti juu ya mkeka nikamweleza yote, chumvi, homoni, upande wa dirisha na upande wa ukuta, na kwamba huruma yake hiyo ndiyo iliyomfanya daktari aamue akatwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza nikimwambia daktari, daktari atafanya nini. Nikasema kweli, kuwa atawarudishia maji ya chumvi, tuanze upya.

"Basi usimwambie."

"Shangazi, ni roho yako hiyo."

"Najua ya nani. Siwezi kupona kwa kiu ya mnyama niliyemfungia ndani."

Nimekutana na wasomi wengi tangu siku ile, na wachache wao waliniweka mahali pabaya kama yule mwanamke na ungo wake wa mchele. Niliamini, na bado naamini, kuwa jambo halijulikani mpaka lirudiwe. Kurudia maana yake ni kuwatia chumvi tena, kuwaona wanapanda tena. Bila hivyo tulikuwa na bahati mbaya tu, si jibu. Na meli ilikuwa siku chache mbele. Nilitoka nimevaa viatu vya mtu mwingine, sijui vya nani, nikaenda hospitali kwa miguu katika mvua, nikamwambia daktari.

Alikuja nami akiwa amekunja uso. Hakukaa. Alimwambia shangazi, kwa adabu, kuwa ameiharibu kazi ya miezi. Shangazi akajibu kuwa yeye ametoa maji tu, na kama maji matamu ni sumu basi aambiwe. Bi Mize akasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi kama shahidi. Daktari akaanza kusema atawaondoa panya leo leo, hata kama atawaweka chumbani mwake mwenyewe, na hapo ndipo nikamkatiza. Nilimuuliza shangazi ni siku gani hasa alipoanza. Alifikiri. Akasema ni katika kumi la mwanzo, siku aliyounguza Bi Mize mikate. Bi Mize akaikumbuka siku hiyo vizuri na akaanza kutetea moto. Daktari akanitazama, nami nikamtazama. Panya wa dirishani walianza kushuka muda mfupi baada ya mikate ile kuungua.

Tuliingia ghalani, mimi, daktari na shangazi. Nilisema kwa kujikanyaga, kwa sababu nilikuwa nafikiri huku nasema. Hawakuzoea. Walipanda walipokuwa na homoni na chumvi. Wakashuka chumvi ilipoondolewa, na homoni ikiwa imo vile vile chini ya ngozi zao, hatukuigusa. Daktari alikaa juu ya gunia lile lile. Halafu akasema nilichokuwa nakihofu, kuwa huenda ni kweli, na huenda ni sadfa, na njia ni moja tu, turudishe chumvi upande wa dirisha tuone.

Shangazi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kwa sababu miguu haikumpa ruhusa ya kusimama bila kushika. "Wano nishawapa maji," alisema. "Siwanyang'anyi. Mkitaka kujua habari ya chumvi, mie hapa. Niondosheeni mie. Wao wanywe tamu, nami nile chapwa, mtupime sote."

Daktari akamweleza hatari yake polepole, na nilimheshimu kwa hilo. Akiiacha meli hii, bingwa hatamwekea nafasi. Kuna meli nyingine baada ya wiki kadhaa, na kama presha haijashuka kufikia hapo atapanda akiwa mgonjwa zaidi, na anaweza kupooza kabla ya hapo, hapa hapa, juu ya kochi. Shangazi akasema ameelewa. Akamwambia Bi Mize atoe papa wote nyumbani.

Wiki zile sikuzipenda wakati ule na sizipendi hata nikizikumbuka. Kula chapwa katika kisiwa cha papa ni kama kukaa kimya harusini. Nilikula naye ili asile peke yake. Wali wa maji matupu, mbatata kwa ndimu, samaki mbichi wa Vitongoji aliyechemshwa kwa pilipili na nazi, mkate usio na ladha ya kitu. Wageni walikula kwa adabu, wakaenda kusimulia. Ikavuma kuwa Bi Thuwaiba amekuwa kama jini, hagusi chumvi, na wazee wa barazani waliacha mzaha wao kila nilipopita. Siku za mwanzo alizidi kudhoofika na macho yakamwingia ndani. Chuki yangu nayo ilipanda, maana kila asubuhi nilimchukia daktari, majarida yake na shahada yangu. Kila tulipomfunga shangazi kitambaa cha kupimia mkononi, kabla hatujamwambia lolote, aliuliza, "Na wao?" Tukamjibu habari za panya kwanza. Walikuwa wametulia chini. Yeye hakutulia. Zebaki ilishuka, ikapanda, ikashuka.

Siku moja alipeleka kijiko cha mchuzi mdomoni, akakirudisha. Akamwita Bi Mize. Bi Mize akaja amejikausha, lakini machozi yalimtangulia. Alikuwa ameosha kipande cha papa alichokificha, akayatia maji yake mchuzini kidogo, kidogo tu, kwa kuwa hawezi kumtazama mtu akila chakula cha maiti.

"Mize," alisema shangazi, "panya wangu niliwaibia chumvi kwa huruma. Wee unanirudishia kwa huruma. Tutakufa kwa kuhurumiana." Akasukuma bakuli. Bi Mize akaenda kupika tena, na safari hii alikaa kwenye mkeka akala naye chapwa hiyo hiyo, na akaendelea kula hivyo mpaka mwisho, huku akiitukana kila siku.

Meli ya pili ilifika Mkoani asubuhi yenye jua. Sanduku la shangazi lilikuwa limefungwa, limewekwa karibu na mlango, na gari ya kukodi imesimama nje. Daktari alikuja mapema. Tuliwapima panya, kwa sababu alitaka iwe hivyo. Kisha akakaa karibu na kochi, akamfunga kitambaa, akapuliza, akasikiliza. Akatoa hewa yote, akangoja, akafanya tena. Akahamia mkono wa pili. Zakia alikuwa anasoma kitu kwa midomo bila sauti. Daktari alivua kile chombo masikioni, akakikunja taratibu.

"Na wao?" aliuliza shangazi.

"Wazima," alisema daktari. "Nawe umewafuata."

Mwenye gari akaambiwa aende zake. Shangazi akamwagiza Bi Mize maji, na Bi Mize akaleta gilasi mbili kutoka mtungini, zenye moshi wa ubani, akampa daktari moja kwa mikono miwili kama wanavyopewa wageni. Alikunywa yote.

Daktari alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Panya alituachia. Walikufa mmoja mmoja kwa uzee, na Bi Mize aliwazika nyuma ya jiko akinuna. Shangazi aliishi miaka mingi zaidi, akarudi kuwapigia kelele wachumaji karafuu, na hakugusa chumvi tena. Lakini mimi sikutosheka. Je, ilikuwa chumvi? Au ni ile hofu ya kisu iliyoondoka? Au ni kupumzika? Tulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu mmoja hathibitishi kitu. Nilimwambia hivyo siku moja, miaka baadaye, nikiwa mwalimu mwenye mvi, yeye anachagua mchele kwa mikono iliyotulia. Hakuinua macho.

"Ulitaka niwe Thuwaiba wangapi?" aliniuliza.

Kibakuli cha chumvi kilipofika kwenye sinia letu, mzee aliyekaa ubavuni pangu alinisogezea. Nikakipokea, nikampa aliyekaa upande wa pili.